Ufunguo wa Akiba

"Karibu mteja, ingia ujionee mwenyewe! Usivue viatu, ni dakika mbili tu."

Fundi alikuwa ameinamia meza, pasi mkononi, ananyoosha pindo la gauni la mteja wake. Hakusikia hodi, maana hodi haikupigwa. Alisikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa chake, kisha sauti ya yule dalali aliyempangisha hiyo studio ya chumba kimoja, imejaa bashasha kama kawaida yake.

"Dalali! Unaingiaje kwangu bila kubisha?"

"Samahani, Fundi. Nimekutumia meseji hukujibu, nikajua umetoka. Huyu bwana anataka studio ya chini, sasa nikasema aone mfano. Wewe hiki chumba umekipamba mpaka..."

Hakumaliza. Yule bwana alishavua kofia na kuufunga mlango kwa kisigino.

"Mke wangu," alisema taratibu. "Mapazia mazuri."

Fundi akaisimamisha pasi mezani. Mgeni huyo alikuwa Bondia. Jina hilo hakupewa na mama yake, alilichuma mtaani kwa ngumi, na nyingi kati ya ngumi hizo zilitua mwilini mwa Fundi. Aliishi naye akifungiwa ndani kila asubuhi, ufunguo unaondoka kwenye mfuko wa mwanamume. Siku aliposahau kufunga, Fundi alitoka na cherehani yake kichwani, mapazia yake kwapani, na hakugeuka nyuma. Ndiyo maana alipofika mtaa huu wa ufukweni, mtaa wa vijana wa kahawa na miwani ya jua, hakuuliza habari za upepo wala mandhari ya maji. Aliuliza kitu kimoja tu: funguo ziko ngapi? Dalali akamjibu, akimtazama usoni: moja tu, Fundi, ni yako.

"Umenipataje?"

"Tangazo!" Bondia akacheka. "'Studio kali ufukweni, wahi sasa.' Picha ya kwanza tu, mapazia yako hayo. Si ndiyo ulikuwa unayashona kwangu vipande vipande, mimi nakucheka? Nikapiga simu. Rafiki yako huyu kanileta mpaka mlangoni, na stori njia nzima."

Fundi alimgeukia Dalali. "Umeniweka kwenye tangazo?"

"Ni lile la zamani, Fundi. Sisi hatufutagi. Watu wanapiga simu, tunawapeleka vyumba vingine. Na chumba kitupu hakimvutii mtu, kwa hiyo siku ile nilipokuja kutengeneza bomba nikapiga picha, nikaiongeza humo. Nilikipenda. Sikujua kama..."

"Hukuuliza."

Kofi la kwanza la Bondia lilimkuta neno lingali mdomoni. Aliona nyotanyota. La pili lilimbamiza ukutani, na mapazia yakang'oka na fimbo yake.

"Mwizi wewe! Unanikimbia mimi? Unakuja kukaa huku na wenye hela?"

Bondia alimrukia na kumkamata nywele. Zikamjia zote mkononi, maana zilikuwa za kununua. Alibaki ameduwaa, ameshika wigi kama mtu aliyeokota paka, na Fundi akapata upenyo wa kutambaa chini ya meza.

Hapo ndipo Dalali, na wembamba wake ule wa kukunjwa mara mbili, alipomrukia mgongoni.

"Mwache! Mwache mama wa watu!"

Ngumi moja tu. Pua ililia kah! Damu ikaruka mpaka kwenye gauni la mteja. Bondia alimkamata ukosi, akamburuta hadi roshani na kumlaza juu ya reli, kichwa nje, miguu hewani. Ilikuwa ghorofa ya tatu. Chini kabisa, watu kwenye meza za mgahawa walianza kupiga kelele.

"Chagua!" Bondia alifoka. "Vaa viatu tuondoke, au huyu anashuka bila ngazi!"

"Usiende, Fundi!" Dalali alikoroma damu ikimjaa kooni. "Aniachie nianguke! Usiende naye!"

"Funga bakuli!"

Fundi aliinuka kutoka chini ya meza. Mdomo ulikuwa umevimba, lakini sauti ilitulia.

"Nakuja. Usimdondoshe. Ngoja tu nichomoe pasi, nisije nikaunguza nyumba ya watu."

Bondia akatabasamu. "Ndiyo mke sasa. Chomoa."

Aliichomoa. Akatembea nayo mpaka roshani, akaukamata mkanda wa Dalali kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akaibandika pasi, bapa zima, juu ya mkono wa Bondia. Ngozi ililia kama nyama iliyotiwa kwenye mafuta. Bondia alipiga yowe mtaa mzima ukasikia. Akaachia. Fundi akavuta kwa nguvu zake zote, na Dalali akaanguka ndani, kichwa kikigonga sakafu.

"Nitakuua!"

"Njoo." Fundi aliinua pasi usawa wa uso wake. "Bado ina moto. Njoo basi."

Bondia hakwenda.

"Mke wako nani? Hukunioa wewe, ulinifungia ndani. Sasa toka kwangu!"

Alitoka kinyumenyume, mkono kifuani. Huko chini mlinzi wa jengo na wahudumu wa mgahawa walikuwa wameziba ngazi. Walimwangusha, wakamkalia mpaka polisi walipofika kumtia mbaroni.

Juu, Dalali alikuwa ameketi sakafuni, gauni la mteja limebanwa puani.

"Fundi, nisamehe. Ule ufunguo wa akiba nilijidanganya kwamba ni wa dharura. Uongo. Nilipenda tu kujua kwamba naweza kufika kwako. Nakupenda, wallahi, tangu siku ile ya bomba."

"Yule naye alisema ananipenda. Na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake."

Dalali alichomoa ufunguo mfukoni. Machozi yalimtoka. Aliuweka ufunguo mezani, akachukua simu kwa vidole vyenye damu.

"Nimelifuta tangazo. Tazama."

"Nenda hospitali."

Jioni meseji iliingia: "Pua imevunjika. Daktari anasema nitakuwa nakoroma. Nimeona nikwambie mapema."

Fundi alicheka mpaka mdomo ukamuuma, kisha akalia. Hakujibu. Kesho yake alinunua kitasa kipya, akakifunga mwenyewe, akayashona mapazia yalipochanika.

Zikapita wiki. Siku moja ya mapumziko, mchana kweupe, mlango ukagongwa polepole.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi, Dalali. Nimebisha. Nasubiri hapa hapa. Hata usipofungua, nimekuja tu nibishe."

Fundi hakuinuka. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. Nje hakuna aliyegonga tena, wala hakuna aliyeondoka. Ndipo alipochukua ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake, akaenda kufungua.

Alikuwa amesimama palepale, pua imepinda, mikono mitupu.

"Karibu," Fundi alisema. "Vua viatu."