Bonyeza Kipanya

Kila siku ya somo la kompyuta, kabla kengele haijalia, kiranja wa darasa la sita alikwenda kufungua chumba chenye mashine. Alifagia sakafu, akafunua vitambaa vilivyozifunika kompyuta, akachomeka plagi mojamoja huku akizisikiliza zikianza kuunguruma. Baba yake mdogo alikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa nakala, na msichana huyo alikulia chini ya meza za pale. Kompyuta kwake ilikuwa kama chungu kwa mpishi.

Muhula huo darasa lilipata mwalimu mpya, binti wa chuo cha ualimu aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha. Wanafunzi walimwita Mwalimu Mgeni, naye hakukataa. Hesabu alizijua vizuri, na sauti yake ya kusoma hadithi ilimfanya hata mtundu atulie. Mwiba wake ulikuwa kompyuta. Chuoni kwao mashine zilikuwa zimeharibika, wakafundishwa somo hilo kwa chaki ubaoni. Siku ya kwanza skrini ilipozimika yenyewe, alidhani ameiunguza, akachomoa nyaya zote kwa hofu.

Mvulana mmoja mwenye kifua kipana, ambaye wenzake walimwita Jemadari, alinyoosha mkono kwa adabu. "Mwalimu, haijafa, imelala tu. Tuiimbie iamke?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, lakini kola ya blauzi yake ilikuwa imelowa jasho.

Tangu siku hiyo alimwomba kiranja asimame karibu naye mbele ya darasa, amnong'oneze pale atakapokwama. Hatua za somo aliziandika kwenye karatasi, akazisoma kwa sauti, uso kwenye skrini na mgongo kwa wanafunzi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe.

Sasa, katika darasa hilo kulikuwa na msichana mdogo wa mwili, mwenye meno mawili ya mbele yaliyochomoza kidogo. Wenzake walimwita Kipanya tangu darasa la tatu. Watu husema jina la utani huzoeleka. Wanaosema hivyo hawajaitwa. Kwenye dawati lake alikaa na kiranja, na wawili hao walikuwa chanda na pete tangu walipoanza shule.

"Haya, shikeni kipanya," mwalimu alisoma kutoka kwenye karatasi yake, akimaanisha kile kidude cha kuongozea mshale kwenye skrini.

Nyuma kule, Jemadari alimshika yule msichana shingo. Kicheko kikapita chini kwa chini.

"Bonyezeni kipanya."

Akafinywa mkono. Mwalimu aliposema wabonyeze mara mbili, akafinywa mara mbili. Ilipofika zamu ya kuburuta, waliuvuta mguu wa kigoda alichokalia mpaka akaanguka, na kishindo chake kikamezwa na kicheko. Msichana aliinuka, akakaa, akauma mdomo. Mwalimu alidhani watoto wameanza kulipenda somo. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanacheka, na hawakuwa wakimcheka yeye. Moyo wake ukapoa.

"Mmekifurahia kipanya, eh?" aliuliza bila kugeuka.

"Sana, Mwalimu," wakaitikia kwa pamoja.

Basi akawa analirudia neno hilo kila somo, na kila aliporudia, vidole vilikuwa tayari.

Kiranja aliyaona yote, maana yeye alisimama akiwa amelielekea darasa. Macho yake na ya rafiki yake yalikutana mara nyingi, na kila mara yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaangusha. Alijiambia ni utani. Alijiambia funika kombe mwanaharamu apite. Ukweli ni kwamba alipapenda pale mbele, kando ya mwalimu, na alijua akisema, Jemadari atamgeukia yeye.

Siku moja wakati wa mapumziko rafiki yake alimvuta nyuma ya choo, akapandisha mkono wa sare na kumwonyesha alama za kufinywa. "Mwambie mwalimu," alisema. "Wewe anakusikiliza."

Kiranja aliahidi. Aliahidi kwa kiapo. Wakarudi darasani, mwalimu akamwambia kwamba mkaguzi kutoka chuoni angekuja wiki ile kumtazama akifundisha, na kwamba bila yeye angeaibika. Kiranja akatabasamu. Ahadi ikabaki mdomoni.

Siku ya mkaguzi ilifika. Mzee wa watu alikaa nyuma, faili magotini, kalamu mkononi. Yule msichana hakuwepo. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusoma hatua zake, mara mlango ukafunguliwa bila hodi.

Aliyeingia alikuwa mama yake yule msichana. Alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na aproni yake ilikuwa bado mbichi. Alikuwa amemshika mwanawe mkono. Hakumsalimia mtu. Aliukunja mkono wa sare ya mtoto mpaka begani, akauinua ili wote wauone. Alama zilipangana kutoka kwenye kiwiko kwenda juu, nyingine nyeusi, nyingine zimeanza kugeuka rangi ya majani makavu.

"Nimeyaona haya nikimsaidia kuvaa," alisema. "Nikamuuliza nani kakufanya hivi. Akaniambia, mwalimu akisema bonyeza, wananibonyeza."

Mwalimu hakuelewa. Alirudia maneno yake mwenyewe polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. "Bonyeza... kipanya." Kisha akamtazama yule msichana, akayatazama meno yake, akaziba mdomo kwa karatasi aliyoishika.

"Hukuona?" mama aliuliza.

"Nilikuwa nimegeuka, mama. Nilikuwa naangalia skrini."

"Siku zote hizo?"

Mwalimu aliishusha ile karatasi. Akamgeukia kiranja. "Wewe ulikuwa unatazama huku. Ulikuwa unaona?"

Kiranja angeweza kukana. Aliangalia sakafu aliyoifagia asubuhi, akasema, "Niliona."

"Aliniahidi atasema," yule msichana alisema. Hayo tu.

Mama alimtazama kiranja bila hasira, na kutazamwa hivyo kulimuuma zaidi. "Wewe umekula kwangu, mwanangu. Hawa wamemfinya kwa vidole. Wewe umemfinya kwa kunyamaza."

Mkaguzi alifunga faili.

Wazazi wa Jemadari na wenzake waliitwa, na adhabu ikatolewa. Mwalimu Mgeni alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akaeleza kosa lake bila kupunguza neno, na chuo kikaamua arudie mazoezi. Siku zilizobaki aliigeuza meza ili awe uso kwa uso na darasa, hata kama ilimlazimu kukosea mbele ya macho ya wote, na alikosea sana. Alimtaka kila mwanafunzi amwite yule msichana kwa jina lake, lile alilopewa na bibi yake. Waliocheka hawakucheka tena. Kufinyana kukakoma.

Kiranja alimfuata rafiki yake, akamwomba radhi kwa machozi. "Nimekusamehe," yule msichana alimjibu. Kisha akakusanya vitabu vyake, akahamia dawati la dirishani, na huko ndiko alikokaa mpaka mwaka ukaisha.

Siku yake ya mwisho shuleni hapo, mwalimu alimkuta kiranja amebaki peke yake darasani, analia. Alisema hajui afanye nini tena. Radhi ameomba, kusamehewa amesamehewa, mbona rafiki yake harudi?

Mwalimu alikaa kwenye nafasi iliyo wazi kando yake.

"Msamaha ameshakupa," alisema. "Kukuamini ni kitu kingine, na hicho huwezi kumdai. Mimi nilikuwa nasema bila kuona, wewe ulikuwa unaona bila kusema. Hapo katikati yetu, mtoto wa watu akaumizwa. Ukimwona mtu anaonewa, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Ukingoja mpaka iache kutetemeka, utamkuta ameshahama dawati."