Aika, Nani Anakulipa?

Ting! Kimya kidogo. Ting! Ting!

Sauti ilitoka ndani ya mkoba wa Aikaeli, na wote watatu mle ofisini wakageuka kuutazama kama vile kuna paka ndani.

"Pokea tu, dada," alisema Alka, mhasibu wao, mzaliwa wa Arusha mwenye ofisi juu ya duka la mboga na viungo pale Kingsbury Road, London.

Aikaeli akaitoa simu aizime. Hakuwahi. Mume wake, Godbless, alishaiona meseji kwenye kioo:

"Rajab Tanga: Maneno yako yamenichoma moyo. Nimekutumia kitu kidogo. Nataka mengine, ya moto zaidi."

Godbless akageukia makaratasi mezani. Mwanaume hapayuki mbele ya mhasibu.

"Tuendelee," alisema Alka. "Godbless, ulizaliwa Minnesota baba yako akiwa masomoni. Hukukaa huko hata miaka miwili, lakini Marekani haikukusahau, kwao wewe bado ni raia. Kila mwaka unawapelekea hesabu. Sasa mnaweza kuchagua Aikaeli naye ahesabiwe kama mkazi wa kule kwa mambo ya kodi, mpeleke hesabu moja. Kwa hesabu za mwaka uliopita mzigo wako utapungua sana."

"Hata kama hajawahi kukanyaga Marekani?"

"Hata kama haioni kwenye ramani. Ila akikubali, anataja kila kipato chake, kitoke London, Tanzania au mwezini, na kimetokana na nini. Kutaja si lazima kulipa. Kodi iliyolipwa hapa husaidia kupunguza ya kule. Lakini kuficha, hapana. Haya, dada, zaidi ya mshahara wa hospitali, kuna kingine?"

Aikaeli akatazama dirisha.

"Sisaini," akasema, akachukua koti, akashuka ngazi.

Godbless alimkuta nje, mbele ya meza za mboga.

"Aika, nani anakulipa?"

"Tuache, Gody."

"Rajab wa Tanga kachomwa moyo na mke wangu, halafu tuache? Unamuuzia nini?"

"Maneno."

"Maneno gani yanauzwa?"

"Ya mapenzi."

"Yesu wangu!"

"Punguza sauti, watu wanakutazama."

"Watazame! Kwani wanajua Kiswahili?"

Mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa anachagua bamia akainua uso.

"Wengine tunajua, kijana. Endelea tu."

Aikaeli akacheka bila kupenda. Kisha akavuta pumzi.

"Nina ukurasa mtandaoni. Kuna wanaume wanataka kuposa, moyo umejaa lakini mdomo mkavu. Wananitumia hela kwenye akaunti ya nyumbani Tanzania, nawaandikia beti. Rajab ana mchumba wake kule Muheza. Sijawahi hata kumwona."

Roho ya Godbless ikashuka mahali pake. Halafu ikaruka tena.

"Huo ukurasa unaitwaje?"

Aikaeli akatazama bamia.

"Aika. Unaitwaje?"

"Wino wa Asali."

Godbless akashika meza ya mboga. Miaka minne nyuma, siku ya kumvisha Aikaeli pete kule Tooting, alisimama mbele ya mashangazi na wajomba, akatamba:

"Uwapo mbali nahisi, jua limekosa mwanga,
Nimejawa wasiwasi, sina pa kutia nanga."

Vigelegele vilitikisa ukumbi. Tangu siku ile ndugu wanamwita mshairi, naye hajawahi kukana. Ubeti ule aliununua Wino wa Asali kwa jina la bandia, kutoka kwa mtunzi asiyejitaja.

"Ulijua?"

"Ulipofika kwenye nanga, nilijua."

"Ukaniacha nitambe miaka yote hii!"

"Ulikuwa unafurahi. Ndiyo maana sikutaka kusaini. Wangeuliza kipato kinatoka wapi, nawe ungejua kwamba najua. Kwa kiburi chako kile, niliogopa utaondoka."

"Na ukakubali kuolewa na mwongo?"

"Nilishanyanyuka niende zangu. Halafu ukausahau mstari wa tatu. Ukatoa macho, ukasema, 'Aika, mimi kupika sijui, lakini nitakuwa nakungoja stesheni kila ukitoka kazini.' Huo sikuuandika mimi, Gody. Huo ndio niliouitikia."

Godbless akaiachia meza ya mboga. Mvua, theluji, mgomo wa treni, stesheni alikuwepo. Hakuwahi kujua kwamba lile nalo lilikuwa shairi.

Mzee wa bamia akapenga kamasi.

Wakapanda ngazi, Godbless kifua mbele.

"Alka, andika, mke wangu ni mtunzi wa mashairi. Weka kila senti, hata zile nilizomlipa mimi kabla sijamwoa."

Alka akavua miwani.

"Ulimlipa? Hizo za kale, kaka, hapa tunaangalia mwaka uliopita tu. Na dada, watu wa kodi wa hapa Uingereza nao tutawaambia."

"Waambie," alisema Aikaeli. Akashika kalamu, kisha akaisimamisha hewani. "Lakini kwanza huyu aseme kitu ambacho sikumwandikia."

Godbless akakohoa. Akapaza sauti mpaka ikafika kwenye mboga.

"Aikaeli, nakuahidi mbele ya Alka na yule mzee wa bamia, sinunui neno tena. Nitakuandikia mwenyewe, na vina vikigoma, basi vigome. Kesho ukitoka kazini, stesheni nipo."