Kichwa cha Mkwe Kiko Wapi?

Fundi saa alikuwa na jicho la kuona vitu vidogo. Kila asubuhi alifungua kibanda chake, akafuta vumbi mezani, akabana kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia, kisha akainamia saa za watu. Skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha aliiona. Unywele ulioingia ndani ya saa aliuona. Lakini mteja mwenyewe hakumwona. Akikutana naye barabarani hamjui, mpaka amtazame mkono.

"Aa! Kumbe ni wewe, mkanda wa kahawia! Habari za nyumbani?"

Siku moja alinunua kamera mbovu kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Akaifungua, akaisafisha, ikafanya kazi. Tangu siku hiyo alijiona mpiga picha. Alisahau kwamba kutengeneza ngoma si kujua kucheza.

Wakati huo mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa karibu kuolewa. Binti huyo alimpenda sana mjomba wake. Akaja kibandani, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mjomba, picha za harusi yangu utapiga wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Sitaki mtu nisiyemjua anizunguke siku nzima. Nitakunja uso kama nimelamba ndimu."

Fundi alifurahi, kichwa kikavimba. Lakini dada yake, mama wa binti, hakuwa mtu wa kununua mbuzi kwenye gunia.

"Tumjaribu kwanza," alisema. "Wakwe watakuja nyumbani kujitambulisha. Apige picha siku hiyo. Tutaona."

Siku ilifika. Wakwe walikuja, wakala, wakacheka. Fundi alipiga picha mpaka kidole kikachoka. Kisha akazisafisha, akazipeleka kwa dada yake ndani ya bahasha. Dada akazitandaza mezani. Akainua moja.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Baba mkwe."

"Nitajuaje? Hana kichwa."

"Lakini itazame saa yake, Dada. Hata mshale wa sekunde unaonekana!"

"Binti yangu anaolewa na saa?"

Dada akachukua picha nyingine.

"Na hawa waliosimama dirishani?"

"Ni sisi sote."

"Mbona tumekuwa magunia ya mkaa?"

"Nadhani dirisha lilikuwa na mwanga mwingi."

"Na mama mkwe? Angalia! Umemwotesha pembe!"

Ilikuwa kweli. Nyuma ya mama mkwe palikuwa na mti wa kutundikia makoti. Kwenye picha, matawi yake yalitokea juu ya kilemba chake, moja kushoto, jingine kulia. Mama wa watu alikuwa anatabasamu, hana habari.

"Wakwe wakiiona hii, harusi itaota mbawa," dada alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Sikiliza, mdogo wangu. Mama yetu hawezi kusafiri. Miguu imekataa. Harusi ya mjukuu wake ataiona kwa picha tu. Macho yako ndiyo macho yake. Sasa umpelekee nini? Viwiko na vifungo?"

Fundi alikusanya picha zake, akatoka. Njiani hakuitazama saa ya mtu yeyote.

Kibanda cha pili kutoka chake kilikuwa cha jirani yake, mama mmoja aliyepiga picha za pasipoti na vitambulisho. Watu walimwita Bi Kidevu Juu, kwa sababu hilo ndilo neno lake kwa kila mteja: "Kidevu juu! Usipumue! Tayari!" Zamani alipiga picha harusi nyingi, mpaka magoti yakamlazimisha kukaa kibandani.

Fundi akabisha hodi.

"Jirani, nimekuja kuuliza. Nina harusi ya mpwa wangu."

"Karibu. Kuuliza si ujinga." Bi Kidevu Juu akazipokea picha. Akatazama ya kwanza. Akatazama ya pili. Alipofika kwa mama mkwe mwenye pembe, alitafuta kiti akakaa, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Umewakata watu vichwa bila hata kuwahukumu!"

"Kamera ina tatizo?" fundi aliuliza kwa matumaini.

"Kamera ni nzima. Tatizo ni jicho lako. Limezoea kuona kitu kimoja kidogo. Harusini unatakiwa kuona vyote vilivyo ndani ya picha. Kabla ya kubonyeza, tembeza jicho pembeni zote. Juu: vichwa vipo? Chini: miguu haijakatwa? Halafu tazama nyuma ya watu. Kuna nguzo? Kuna ndoo? Kuna mtu anakula? Sogea hatua moja tu, na pembe za mama mkwe zitaondoka."

"Na mkaa je?"

Bi Kidevu Juu akamshika mabega, akamsimamisha huku mgongo wake ukielekea mlangoni. Akampa kioo.

"Unauona uso wako?"

"Giza."

Akamgeuza auelekee mlango.

"Na sasa?"

Fundi akajiona vizuri. Aligundua pia kwamba hajanyoa upande mmoja.

"Ndiyo hivyo," jirani alisema. "Kamera ikiona dirisha kali nyuma ya mtu, inamsahau mtu. Uso uelekee mwanga. Na jua likiwa la utosini, wapeleke watu kivulini. Wasipokwenda, macho watayakunja na pua zitaweka vivuli mdomoni kama masharubu. Bibi harusi hataki masharubu."

Kuanzia siku hiyo fundi alifanya mazoezi kwa wateja. Mtu alileta saa kubadilisha betri, akajikuta anaambiwa, "Geukia mlangoni kidogo, mzee wangu. Hapo hapo." Wengine walidhani ni utaratibu mpya wa serikali. Lakini baada ya muda, fundi akaanza kuwajua watu kwa nyuso. Mteja mmoja karibu alie kwa furaha aliposalimiwa kabla hajanyoosha mkono.

Kisha Bi Kidevu Juu akampeleka ukumbini, kabla ya siku ya harusi.

"Mgeni hapigi picha vizuri," alimwambia. "Lijue jengo. Mwanga unaingia wapi? Maharusi watasimama wapi? Wewe utasimama wapi bila kumkanyaga mtu?"

Waliona dirisha kubwa upande wa kushoto. Chini yake palikuwa na kijukwaa kidogo cha mbao. Wakamtafuta pia mfungishaji ndoa, wakamuuliza kama flashi inaruhusiwa.

"Wakati wa kiapo, hapana," alijibu. "Mwaka jana mmoja alinimulika machoni, nikataja jina la mpiga picha badala ya bwana harusi."

Waliporudi, jirani aliendelea kumfunda.

"Betri zijazwe chaji, na uwe na ya akiba. Kadi ya kuhifadhia picha pia, usiwe na moja. Kadi ikijaa katikati ya kiapo, utawaomba waape upya? Na muulize bibi harusi mapema: nani lazima wawe pamoja kwenye picha? Nani hawapatani? Halafu tafuta ndugu mwenye sauti, awe anawaita. Ukiwaita wewe na kupiga picha wewe, utakesha."

"Na kingine?"

"Kula kabla hujatoka nyumbani. Mikono yenye njaa inatetemeka."

Siku ya harusi ikafika. Fundi alikula, akavaa viatu visivyobana, akaja mapema. Alimpiga mpwa wake picha chumbani akivalishwa, akiwa ameuelekea mwanga wa dirisha. Kwa mazoea, lenzi ilianza kuteremka kwenye kifungo kimoja cha gauni. Kifungo kilikuwa kizuri kweli. Akakipiga mara moja, kisha akajikaripia, akairudisha kamera usoni kwa binti.

Bwana harusi alikuwa kijana mwema, fundi wa umeme, lakini alikuwa na shida moja. Kila kamera ilipolia, macho aliyafumba. Fundi alitazama picha tatu za mwanzo. Katika zote, bwana harusi alikuwa amelala usingizi wa amani.

"Baba," fundi alimwambia, "yafumbe macho kabisa."

"Niyafumbe?"

"Ndiyo. Nikisema fumbua, fumbua. Moja, mbili, fumbua!"

Akapiga picha kadhaa mfululizo. Macho yakapatikana, tena makubwa.

Wakaingia ukumbini. Fundi alizima flashi, akasimama karibu na njia ya katikati. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakati wa pete. Hapo wageni wote walikumbuka kwamba wana simu. Waliinuka kama kuku waliomwagiwa punje. Mjomba mmoja wa bwana harusi alisimama mbele kabisa, ameinua tableti pana kama sinia. Fundi hakuona bibi, hakuona bwana, aliona sinia.

Alimfikiria mama yake akiwa kitandani, akitazama picha ya mgongo wa mtu asiyemjua. Alitaka kumvuta yule mjomba kwa koti. Lakini kugombana kungechukua muda, na pete haisubiri. Ndipo akakumbuka kijukwaa cha mbao. Akapita ukutani kimya kimya, akapanda. Kutoka hapo aliona nyuso mbili, zote zikiwa kwenye mwanga wa dirisha.

Pete ilikuwa ndogo, inang'aa. Jicho la fundi likaiendea lenyewe, kama mbwa anavyoendea mfupa. Akataka kuivuta karibu, ijae picha nzima. "Nyuso!" alijinong'oneza. "Nyuso, wewe mzee!" Akairudisha lenzi nyuma.

Ikawa bahati. Bwana harusi alikuwa akisukuma pete, lakini haiingii. Akasukuma tena. Jasho likamtoka. Bibi harusi akainama akamnong'oneza, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa kimya, watu wote walisikia:

"Mume wangu, kidole si hicho."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Bibi harusi alicheka huku machozi yanamtoka. Bwana harusi alicheka kwa aibu, amefumbua macho bila kuambiwa. Hata mfungishaji ndoa alishika tumbo. Na fundi alikuwa anabonyeza, anabonyeza, anabonyeza.

Baadaye wakatoka nje kwa picha za familia. Jua lilikuwa kali, kwa hiyo fundi akawapeleka wote kwenye kivuli cha ukuta. Aliyechaguliwa kuwaita watu alikuwa shangazi wa bwana harusi, muuza mitumba sokoni. Sauti yake haikuhitaji spika.

"Haya, mashangazi wa bibi! Mashangazi, mashangazi! Njoo uchague nafasi yako! Wewe mwenye gauni la kijani, unajificha nini, mali nzuri haifichwi! Basi, wamejaa! Wajomba! Toa mashangazi, leta wajomba!"

Watu walikuja mbio wakicheka. Mashangazi wawili wasiosalimiana fundi aliwaweka kila mmoja ncha yake, kama bibi harusi alivyomwambia. Ilipofika zamu ya watoto, fundi alipiga magoti vumbini na suti yake.

"Mjomba, utachafuka!" bibi harusi alisema.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," alijibu. Akiwa chini, macho yake yakawa sawa na yao, nao wakasahau kamera.

Jioni hakufuta picha hata moja, hata zile zilizoharibika. Bi Kidevu Juu alikuwa amemwonya: ukiwa umechoka utafuta nzuri. Kabla ya kulala, picha zote alizinakili mahali pawili, nyumbani kwake na kwa jirani. Dada yake alipoziona zimesafishwa, alizipitia moja moja. Fundi akaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Wote wana vichwa," dada alisema. Kisha akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Hata mimi ninacho. Sikujua kama nacheka hivi."

Wakasafiri kumpelekea mama yao, wote wanne: fundi, dada yake na maharusi. Mama huyo alikuwa kitandani, ameegemea mito. Alivaa miwani, akazishika picha kwa mikono miwili. Alipofika kwenye picha ya pete, alitaka kuelezwa. Alipoelezwa, alicheka mpaka miwani ikaanguka.

"Huyu anitunzie mjukuu wangu," alisema. "Mtu anayekosea na kucheka hapigi mtu."

Akaendelea mpaka picha ya mwisho. Kisha akarudi mwanzo, akazipekua upya, polepole, kama anayetafuta kitu.

"Unatafuta nini, Mama?" fundi aliuliza.

"Nakutafuta wewe, mwanangu. Kila mtu namwona. Wewe hukwenda harusini?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo. Katika picha zote, fundi hakuwemo.

"Lete kamera," bibi harusi alisema.

Fundi akatazama chumba. Akalifungua pazia, mwanga ukaangukia kitanda. Akaondoa ndoo iliyokuwa nyuma ya mto wa mama yake. Akaweka kamera juu ya kabati, akaitega ijipige yenyewe. Akaangalia juu, akaangalia chini, akaangalia pembeni. Halafu akabonyeza, akakimbia, akajibana kitandani kando ya mama yake.

"Nitazame wapi?" mama aliuliza.

"Tazama pale, Mama."

Lakini mama hakutazama pale. Alimgeukia mwanawe, akampangusa vumbi kwenye kola, na hapo kamera ikalia.