Mwenye Saa Saba

Mpira ulidunda mara moja, halafu ukakataa.

Agnella aliuokota, akauminya kwa vidole gumba, akaona umejaa upepo vizuri tu. Akaupiga tena sakafuni. Ukatua katikati ya ukumbi, puu, kama bonge la udongo, na ukabaki pale pale. Wasichana wenzake wakacheka. Kocha Rabia akasema mipira ya siku hizi feki tupu, leteni mwingine. Wa pili nao ukatua, ukakaa.

"Mbona sakafu imelowa?" mmoja akauliza.

Kweli ilikuwa imelowa. Nje jua la saa saba la Ifakara lilikuwa linachoma hadi mbwa wamejificha chini ya baiskeli, na mvua ya mwisho ilikuwa na wiki tatu.

Fausta, dada yake Agnella, alikuwa amekaa pembeni na daftari. Akaandika: *Bomba linavuja, fuatilia.* Ndani ya ukumbi ule hakukuwa na bomba, na alilijua hilo. Aliandika hivyo hivyo, maana chuo kikuu humfundisha mtu kwamba jambo likishaandikwa limeshatatuliwa.

Alikuwa na digrii ya utawala wa umma, upper second, na nakala za barua za kuomba kazi zinazotosha kuwashia majiko ya mtaa mzima. Huu ulikuwa mwaka wa tatu "anajitolea". Kamati ya Ukumbi wa Mshikamano ilimpa cheo cha mratibu wa ratiba. Kwa Kiswahili cha nyumbani: ugomvi wote uje kwake. Ukumbi ulikuwa mmoja na wanaoutaka ni mji mzima. Netiboli, ngumi, kwaya, maulidi, semina, send-off, harusi, na mto Lumemo ukifurika, familia zilizokimbia na magodoro kichwani. Sakafu ilichorwa mistari ya michezo mitatu, nyekundu, njano na nyeupe, imekanyagana, na kila kundi liliapa kwamba mistari yake ndiyo iliyotangulia.

Kabla ya mazoezi haya, katika siku nzima ilikuwa imebaki saa moja tu isiyo na mtu. Saa saba hadi saa nane mchana. Muda huo Mzee Polikarpo, mhudumu wa ukumbi, alifagia, akaweka ndoo ya maji katikati, akafungua mlango wa mashariki na wa magharibi, akaondoka. Akirudi, ndoo ilikuwa tupu.

"Saa moja kila siku, saa saba kwa wiki, zinalala bure," Fausta alikuwa amesema kwenye kikao cha kamati. "That's pure waste, jamani. Mzee wangu, wewe unaenda kula, sawa. Ukumbi wenyewe unakula nini?"

Watu walicheka. Mwenyekiti Nassib alicheka mpaka akafuta macho.

Polikarpo alisimama, kofia mkononi. "Nilimkuta aliyenitangulia anafanya hivyo. Naye alimkuta mwingine, ukumbi haujajengwa, uwanja wa vumbi tu. Sikuuliza. Kuna kazi ukiuliza sana unaipoteza."

"Kwa hiyo sababu huijui?"

"Siijui, mwanangu."

"Basi tusonge mbele," Nassib akasema, akagonga meza.

Kamati ilikuwa na kanuni kwamba kila saa lazima iwe na mwenyewe, jina la mtu mmoja wa kubeba lawama viti vikivunjika. Kanuni hiyo aliitunga Fausta. Ubao wa ratiba, uliotundikwa nje kando ya mlango, ukapakwa upya, na kwenye mraba wa saa saba, Jumatatu mpaka Jumapili, akaandika kwa rangi ya mafuta, kwa mwandiko wake mzuri: *Netiboli. Mwenye saa: Agnella.*

Hakuona ubaya. Agnella alikuwa na miaka kumi na tisa, mfungaji asiyekosa, na timu moja ya Morogoro ilikuwa imeahidi kuja kumtazama mwezi ujao. Alihitaji mazoezi ya kila siku. Nyumbani walishasomesha mmoja, na matokeo yake yalikuwa yanashinda kwenye ubao wa ratiba. Huyu wa pili angetoka kwa mikono yake.

Siku ya pili ya mazoezi ya saa saba ikaja harufu. Kambale aliyesahaulika kwenye ndoo, na mpunga uliolowa ukachacha. Ilianza saa saba kamili na kukatika saa nane kamili, kama imesaini mahudhurio.

Siku ya tatu Rabia aliwagawa wasichana, saba vizibao vyekundu, saba vya njano. Katikati ya mchezo akapuliza filimbi.

"Nyekundu mbona mko nane? Nani kaingia?"

Wakatazamana. "Tuko saba, kocha."

Akawahesabu ukutani, mmoja mmoja, akiwagusa bega. Saba. Akapuliza, wakaanza tena, na Agnella, aliyekuwa amebanwa na mabeki wawili, akarusha pasi kali kwenye kona isiyo na mtu.

Mpira ukarudi.

Ulirudi kifuani kwake, sawasawa, kwa nguvu ya mkono wa mtu anayejua mchezo. Agnella aliudaka, akageuka, akafunga. Ni yeye peke yake aliyeshangilia.

Kesho yake walikuja wasichana sita. Keshokutwa wawili. Rabia alimsubiri Fausta mlangoni, filimbi ameshaivua shingoni.

"Mdogo wangu, nimefundisha kwenye matope, nimefundisha mbele ya walevi. Nimefundisha na msiba upo humo humo ndani, tunaombwa tusishangilie. Simfundishi mtu nisiyemwona."

"Kocha, na Morogoro je? Agnella ataangaliwa na nani?"

Rabia alitazama ndani, akashusha sauti. "Anaangaliwa, Fausta. Shida ndiyo hiyo."

Agnella aliendelea kwenda peke yake. Akirudi nyumbani alikula kama kawaida, alicheka kama kawaida, ila miguu yake ilikuwa na maji ambayo khanga haikuyakausha.

"Nani anakurushia mpira?" Fausta akamuuliza.

"Yule wa kona."

"Yupoje?"

Agnella alifikiri, kijiko kimesimama hewani. "Ana subira," akasema.

Siku iliyofuata Fausta alimfuata. Alijibana nyuma ya mlango wa magharibi, akachungulia kwenye ufa. Alimwona mdogo wake amesimama chini ya goli, mikono wazi, anatabasamu, na mpira unakwenda konani na kurudi, unakwenda na kurudi bila mlio wowote, na kila unaporudi unatoa matone, na matone yanachora sakafuni nyayo zinazosogea hatua moja, zikivuka mstari mwekundu, zikivuka wa njano, kubwa, zenye vidole vilivyoachana kama vya mtu aliyezaliwa akitembea kwenye tope, mpaka zikafika mbele ya Agnella, ncha za vidole zikigusa ncha za vidole vyake, na hapo mpira ukabaki umening'inia kati yao, haushikwi na mtu, na Agnella akainamisha kichwa upande kama mtu anayenong'onezwa, akaitikia, "Ndiyo, ndiye dada yangu," akageuza uso taratibu na kutazama mlango, kwenye ufa ule ule.

Fausta alijikojolea. Digrii na kila kitu.

Kutoa jini kwenye ukumbi wa jamii ni lazima uombe nafasi. Shehe alipangiwa saa mbili asubuhi. Padre alipangiwa saa nne, akacheleweshwa na semina ya mbolea iliyogoma kuisha. Kwaya nayo ikakataa kuhama, wana tamasha. Nassib akamtaka kila mmoja ajaze fomu. Visomo vikasomwa, maji ya baraka yakanyunyizwa, na wote wawili waliondoka wakiamini mwenzake ndiye atakayemaliza. Saa sita na nusu Bi Sada, mganga aliyeitwa kutoka Mofu, akashuka kwenye bodaboda, mwanamke mfupi mwenye begi la shule mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niletee kiti, halafu nionyeshe mnapoandika."

Alikaa mbele ya ubao wa ratiba kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Akaweka kidole kwenye mraba wa saa saba.

"Nani kaandika hapa?"

"Mimi."

"Na huyu Agnella?"

"Ni mdogo wangu, tumbo moja."

Bi Sada alifunga begi lake hata kabla hajalifungua vizuri. "Jini lililoingia kwa mtu nalitoa. Nimetoa mengi, kuanzia Mofu mpaka Mngeta. Hili halijamwingia mtu. Liko nyumbani kwake. Ninyi ndio mmeliletea mtu."

"Tuligawa saa kwa haki, mama. Kila kundi lilipata."

"Mligawa saa ya mwenyewe, mkaweka mtu juu yake, mkamtaja na jina. Huku bondeni ukigawiwa shamba lenye mtu, mnafukuzana, au mnalima pamoja. Shukuru hajafukuza."

"Kwa hiyo tufanye nini?" Fausta akamsogelea. "Please, mama. Niambie kitu cha kufanya."

"Mrudishieni saa yake. Mdogo wako abaki nyumbani. Zaidi ya hapo nitakuongopea." Akatazama mlango wa mashariki, ambao hakuna mtu aliyeufungua na sasa ulikuwa wazi. "Nirudisheni mapema. Saa saba isinikute hapa."

Fausta aliparua jina kwa kisu na tina ya kuondolea rangi, rangi ikimwingia kwenye kucha. Mzee Polikarpo akafagia, akaweka ndoo katikati, akafungua mlango wa pili. Hakusema "niliwaambia". Angesema ingekuwa nafuu.

Nyumbani, Agnella alifungiwa chumbani. Alikubali mwenyewe, akakaa kitandani, akapakata mikono.

Saa saba kamili harufu ya kambale ilipita chini ya mlango. Fausta alisikia maji yakitiririka chumbani, chumba cha sakafu kavu na dirisha la nondo, akasikia Agnella akikohoa, kisha akikohoa kwa sauti nzito, kama mtu anayekohoa akiwa ndani ya kitu, akafungua kufuli na kumkuta amekaa pale pale, mgongo wima, mikono imenyooshwa mbele kudaka mpira usiokuwepo, macho wazi, na maji ya mtoni, ya rangi ya chai, yenye vijani vya mpunga, yanamtoka puani na mdomoni na kumwagikia kifuani, na kila alipojaribu kuvuta pumzi alivuta maji mengine.

"Agnella! Mdogo wangu! Agnella!"

Mdomo ule uliojaa maji ulisema, "Tunachelewa, dada."

Fausta alimbeba mgongoni. Alikimbia naye barabarani mchana kweupe, watu wakisimama, mtu mmoja akipiga picha, na kadiri alivyousogelea ukumbi ndivyo kifua kile kilivyopata pumzi mgongoni kwake. Mlangoni Agnella alijishusha mwenyewe, akanyoosha sketi, akaingia. Mlango ukajifunga bila kishindo.

Saa nane akatoka. Mzima, njaa inamuuma.

Huo ndio ukawa utaratibu. Watu huzoea, na Ifakara imeshazoea mafuriko, itashindwa nini hili? Saa saba watu wa ngumi hawakukanyaga, kwaya walipita mbali. Fausta alimsindikiza mdogo wake kila siku, amemshika mkono kama anampeleka chekechea, akakaa nje juani saa nzima. Timu ya Morogoro ilipiga simu kuuliza kama mchezaji anaweza kusafiri. Fausta akakata simu.

Akamwendea Nassib. Alimpigia magoti, yeye aliyekuwa anamsahihisha mwenyekiti Kiingereza mbele za watu.

"Sasa mimi nifanyeje, binti?" Nassib alisema, macho kwenye meza. "Shehe alikuja. Padre alikuja. Mganga alikuja. Na si anarudi? Saa moja tu kwa siku. Ishirini na tatu ni zenu." Akafunga faili. Kwenye muhtasari wa mwezi waliandika: *Changamoto ya saa saba imepatiwa ufumbuzi shirikishi.* Fausta aliutambua mtindo huo wa kuandika. Ulikuwa wake.

Alhamisi Agnella alitoka saa nane na dakika kumi. Fausta aliinuka kutoka kwenye vumbi.

"Umechelewa."

"Tulikuwa tunaongea." Mikono yake ilikuwa imepakwa tope mpaka kwenye viwiko. Halikuwa limemrukia. Lilichorwa maua na vikonyo vyembamba, limekauka, limepasuka vizuri kama hina ya bi harusi. "Dada, Jumamosi ukumbi una nani?"

"Kuna send-off. Watu wa Idete. Kwa nini?"

"Anaomba wahame. Anataka siku nzima, ana shughuli."

Fausta alisikia jua likimtoka mwilini. "Shughuli gani, Agnella?"

Agnella alitazama mikono yake, akatabasamu kwa aibu, kama binti yeyote anapoulizwa swali hilo na dada mkubwa.

"Kamati yake imeshakamilika," akasema. "Na wewe umo, dada. Nimemwambia hujapata kazi, umeteseka sana. Amesema ratiba yako ameipenda, wewe ndiye utakayemwandikia, siku zote. Anasema wageni wake ni wengi na hawajawahi kupangwa vizuri."

"Agnella, twende nyumbani."

"Saa yangu ya nyumbani ni saa tisa," Agnella alisema kwa upole. "Aligawa upya jana. Hukuangalia ubao?"

Fausta aligeuka. Kwenye ubao, safu nzima ya Jumamosi ilikuwa imefutwa, mbao inang'aa kwa maji, na chini yake, kwenye kijishubaka cha chaki, kalamu yake aliyoipoteza wiki iliyopita ilikuwa imelazwa, inadondosha matone, ncha ikimwelekea yeye.

Ndani ya ukumbi, mpira ulidunda mara moja.