Asilimia Tisini na Moja

Maneno yalimwingia mshonaji sikioni yakakataa kutoka: eti fundi kompyuta wa ghorofa ya chini hunakili picha za wateja kabla ya kuzifuta. Aliyemwambia ni shoga yake, muuza vifungo, naye pia aliambiwa tu.

Na yeye alikuwa ameshampenda huyo fundi. Waligongana ngazini watu wamejaa, yeye na mzigo wa vitambaa, fundi na waya zake, na tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Sindano wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka na diski inayogoma, Fundi. Nihurumie."

"Ilete. Nitaifuta yote kwa Linux, ule mfumo wangu wa skrini nyeusi, niitengeneze upya, kisha niikague kila kona. Ukaguzi ni siku nzima, usiniharakishe. Na diski ikiwa mpya hupewa jina."

"Jina gani?"

"Utaliona mwenyewe. Acha umbea!"

Aliipeleka amevaa gauni la bluu alilolishona kwa ajili ya macho yale tu. Diski ilikuwa na picha za wateja wake wakijaribu nguo, nakala alishaziweka kwenye kompyuta yake.

Kesho yake ndipo muuza vifungo akasema yake. Mshonaji akashuka ngazi mbiombio. Dukani watu tele. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, namba ya asilimia inapanda: tisini, tisini na moja.

"Kumbe kweli! Unanakili picha za watu!"

"Mpenzi, huo ni ukaguzi. Diski ni tupu. Subiri kidogo tu..."

Mshonaji akachomoa waya, akaibeba diski yake. "Mwizi wa picha wewe!"

Wateja wakageuka. Fundi akafuta miwani kwa pindo la shati. Jioni alipiga simu mara mbili. Mshonaji hakupokea.

Miezi mitatu diski ilikaa kwenye droo, chini ya mkasi. Siku alipoichomeka kwenye kompyuta yake, haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa na jina tu: NIKUOE.

Akashuka na futi ya kupimia shingoni. Duka lile sasa linauza viatu. Akapiga simu; namba haipatikani. Mpaka leo hupiga, na kwenye diski ile hajaweka kitu.

Binti zangu, epukeni haya:

Kuchomoa waya kabla ukaguzi haujaisha.
Kushika maneno ya mtu aliyeambiwa.
Kuona herufi usizozijua ukasoma hofu yako.
Kumtukana mtu mbele ya wateja wake.
Kuacha simu ilie.