Washa ya Skrubu ya Juu

Nyumbani wananiita Redio, kwa sababu nikiamka tu ninaanza kutangaza. Kila Jumamosi asubuhi ninafagia karakana ya Baba na kupanga bisibisi, huku nikitangaza habari za nzi, za paka wa jirani na za kitambi cha Nahodha wa boti ya abiria. Baba ni fundi wa mashine za boti. Karakana yetu ni ya mabati, sakafu yake ni mbao zenye nyufa, na mlangoni pananing'inia waya uliojaa washa za zamani, kama mkufu wa mtu mwenye majivuno.

Waya huo ni sheria ya Baba. Chini ya mashine ya boti, karibu na propela, pana kisanduku cha gia chenye oili. Kina skrubu mbili, ya juu na ya chini, na kila skrubu huvaa washa, kipete chembamba cha kuzuia maji. Ukifungua skrubu, washa ya zamani inakwenda kwenye waya, mpya inavaliwa.

"Mtu havai soksi ya jana," Baba husema. Mimi huivaa, lakini hilo silitangazi.

Dada yangu, tunayemwita Spana, alikuwa amejifunza kazi kwa Baba miaka mitatu. Nahodha alimwahidi kazi ya ufundi kwenye boti yake kwa sharti moja: abadilishe peke yake sili ya mashine yake, yaani pete ya mpira inayozuia maji yasipite kwenye mhimili wa propela. Ikikaa sawa wiki mbili, kazi ni yake.

Spana aliibadilisha vizuri, akajaza oili.

"Dada, niachie skrubu nifunge mimi," nikamwomba.

Akaniachia. Ya juu ndiyo hufungwa kwanza. Washa yake ikaniponyoka, ikapenya kwenye ufa wa sakafu, ikatumbukia matopeni. Kopo la washa lilikuwa kwenye rafu ya nyuma, hatua kumi tu. Nikaona uvivu. Nikaikaza ile skrubu bila washa, kwa nguvu zangu zote. Ya chini nikaifunga inavyotakiwa.

"Umeweka washa zote?" Spana akauliza.

"Mimi tena!" nikajibu. Tukacheka.

Jumamosi iliyofuata Nahodha alirudi, mashine yake imebebwa na watu wawili.

"Fundi, ukiitia gia inalia kama mbuzi," alisema. "Leo abiria wangu wamesali dini zote."

Baba aliisimamisha kwenye stendi, akaiacha itulie kama saa moja. Kisha akaweka kikombe cheupe chini na kulegeza skrubu ya chini. Kwanza yalitoka maji. Halafu ikafuata oili, lakini si ile ya rangi ya asali. Ilikuwa imepauka kama chai iliyozidishwa maziwa.

"Maji ni mazito kuliko oili, ndiyo maana yametangulia kutoka," Baba alisema. "Na gia zikiyakoroga pamoja na oili, rangi ndiyo hii." Akaikaza skrubu, akamgeukia dada. "Ni sili yako, mwanangu."

"Baba, sili niliikagua mara mbili." Spana akanitazama. "Mdogo wangu, washa ulizifunga zote?"

Watu watatu walikuwa wananisubiri. Mimi, ninayetangaza mpaka habari za nzi!

"Zote," nikasema.

Nahodha akatikisa kichwa. "Binti, mimi nabeba roho za watu. Siwezi kubahatisha. Nitamchukua yule fundi wa ng'ambo aliyeniomba kazi, aanze kesho."

Spana alivua ovaroli, akaitundika kwenye msumari, akanawa mikono polepole sana. Alipofika mlangoni akasema, "Baba, kabla hujaing'oa hiyo sili, ipime kwa hewa."

Asubuhi yake Baba akaipima. Alimwaga oili yote, akafunga mpira wa pampu ya baiskeli kwenye tundu la skrubu ya chini, akakizamisha kisanduku cha gia ndani ya pipa la maji.

"Pampu," akaniambia. "Palipo na upenyo, patatoa mapovu."

Nikapampu. Kwenye sili, kimya. Kwenye skrubu ya juu, mapovu yakapanda moja moja. Puk. Puk. Puk. Sijawahi kuchukia sauti ndogo kiasi kile.

Baba akaifungua. Haikuwa na washa. Hakunifokea. Laiti angenifokea!

"Ilianguka," nikasema. "Nikaona uvivu kuchukua nyingine."

"Na jana?"

"Jana niliogopa."

Alinipeleka kwa Nahodha, nikaeleza kwa mdomo wangu. Fundi mpya alikuwa amepiga magoti ndani ya boti, anafunga nyaya za betri. Nahodha alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya vizuri kuja," alisema. "Lakini huyu nimfukuze kwa kosa gani? Ungesema jana, mwanangu. Jana nafasi ilikuwepo."

Mashine ilipona. Niliosha gia siku mbili, Baba akabadilisha beringi zilizoingia kutu, tukajaza oili mpya. Wiki moja baadaye tulipoipima, ilitoka safi, rangi ya asali.

Spana alirudi karakanani, lakini hanitanii tena. Ananiita kwa jina langu la kwenye daftari la shule. Nikifunga skrubu, anakuja na bisibisi, anaifungua, anaitazama washa, anaifunga tena.

"Baba," nikauliza siku moja, "dada atanikagua hadi lini?"

Baba aliendelea kufuta bisibisi kwa kitambaa. "Washa kuanguka ni bahati mbaya. Uvivu wako tungeuchapa kwa ufagio, yakaisha. Lakini lile 'zote' lako lilimharibia mwenzako maisha. Oili ikichafuka tunaimwaga, tunatia nyingine. Uongo hatuna pa kuumwagia." Akaiweka bisibisi chini. "Na mimi nina langu. Mashine niliitafutia pampu na pipa. Mwanangu nilimtia hatiani kwa macho tu."

"Kwa hiyo hadi lini?"

"Hadi siku atakayoona hakuna haja. Siku hiyo ataichagua yeye, si wewe. Wewe weka washa."