Kijiti Kilichopungua

Ndege ilikuwa imeshaanza kukimbia uwanjani, vumbi likiifuata kama mbwa anayefukuza baiskeli. Ndani walikuwemo rubani, ambaye ni mjomba wake Chiriku, na muuguzi aliyepakata sanduku la chanjo. Kila likizo Chiriku huwaaga kwa maneno mengi, maana jina hilo hakupewa bure. Leo alisimama kimya, mikono nyuma.

Mshale wa kuonyesha mafuta wa ndege ile ulijulikana kwa uongo. Kwa hiyo mjomba alipima kwa kijiti: alikitumbukiza mpaka chini ya tangi, akatazama kimelowa hadi alama ipi. Jana Chiriku alikichukua kijiti hicho kuangulia mapera. Kikavunjika ncha ya chini, urefu wa kiganja. Akaichonga kwa kisu isijulikane, akakirudisha.

Asubuhi mjomba alikichomoa tangini, akashangaa. "Kumbe mafuta bado mengi hivi!" Hapo ndipo Chiriku alipoelewa: kijiti kikipungua chini, alama nazo hushuka, na mafuta kidogo huonekana mengi. Alitaka kusema. Lakini aliogopa, akasogea kando.

Sasa ndege ilikuwa imegeuka kinukta angani. Akaingia chumba cha redio, alikofanya kazi mama yake.

"Leo Chiriku kameza nini?" mama alimtania.

"Mama, nilivunja kijiti cha mafuta. Ni kifupi."

Mama hakuuliza la pili. Alidaka redio. "Kaka! Kijiti ni kifupi! Mshale unasemaje?"

"Unasema hamna kitu. Si uongo wake wa kila siku?"

"Leo unasema kweli. Tafuta pa kushukia!"

"Mbele ni msitu. Narudi kwenye mashamba yaliyo..." Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Redio nayo ikanyamaza.

Waliotumwa kuwatafuta waliwakuta kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, bawa moja limekatika. Mjomba alikuwa ameketi chini, mguu umepinda. Muuguzi alikuwa bado amekumbatia sanduku.

"Chanjo nzima," alisema huku akikunja uso. "Kilichovunjika ni mkono wangu."

Hospitalini Chiriku alilia mpaka kwikwi zikamshika. Mjomba alimsogeza kitandani.

"Sikiliza, mpwa wangu. Kuvunja kijiti ni bahati mbaya. Kukichonga tusijue, hilo ndilo kosa. Na mimi ninalo langu: mshale mbovu niliuacha miaka, siku uliponionya nikaudharau. Lakini wewe ulisema kabla hatujafika juu ya msitu, ndiyo maana tunaongea. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo. Aibu huisha, mtu akifa harudi."

Mguu wa mjomba ulipona, ila huchechemea siku za baridi. Sasa anarusha ndege nyingine, yenye mshale mzima, na bado hupima kwa kijiti. Muuguzi alirudi kazini, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Ndege ya zamani iliuzwa kama vyuma chakavu. Mama yuko kwenye redio. Chiriku alirudi shuleni na domo lake lile lile. Mapera yaliyobaki juu yaliiva, yakaanguka yenyewe.